Bwana Geti na Kiti cha Kombaini

Juma mpishi amekufa, na kufa kwake kumeniharibia ubishi wangu wa miaka yote, maana sasa nimebaki bila shahidi. Habari ilinikuta Maretadu napukuchua mahindi. Niliyaacha palepale kuku wafanye harusi yao, nikapanda gari mpaka Katesh. Msibani watu walikuwa wengi mpaka nikadhani mlima Hanang umesogea nyuma kidogo kuwapisha. Nikavua viatu, nikatafuta mahali pa kukaa kwenye mkeka, nikawapa pole wafiwa, nikapewa chai. Kumbe mbele yangu yuko mzee mmoja hana jino hata la kuazima, anapuliza kikombe chake na kunikodolea macho. Nikamkodolea na mimi. Akasema, "Safari, wewe hujafa?" Nikamwambia, "Baltazari, ningekufa ungekuja kula." Tukacheka mpaka watu wakageuka, ikabidi tujikoholeshe tuonekane tuna majonzi. Halafu akanisogelea sikioni, midomo inanuka tangawizi, akaniuliza kama mtu anayeuliza siri ya serikali: "Hebu nikuulize. Geti maana yake nini?" Nikamwambia mpaka leo sijui. "Hata mimi," akasema. "Na mimi nimefika la saba!" Tukamtazama mtoto wa Juma akipita na sinia, na mimi nikajikuta sipo Katesh tena.

Habari za nilizaliwa wapi na babu yangu alikuwa nani siwapi, hizo hata ng'ombe anazo. Nawapa mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, wakati ndevu zangu zilikuwa hazitoshi hata kujikuna. Shamba lile, ndugu zangu, ukilipima kwa macho utaumwa kichwa. Kuku akianza kulivuka akiwa kifaranga, upande wa pili anafika bibi mwenye wajukuu. Upepo wake ulikuwa unamvua mtu koti huku unamvalisha mwingine kule. Mimi nilitoka kwetu na mgongo umepinda kwa jembe la mkono, maana maharage ya Maretadu unayalima umeinama tangu alfajiri mpaka unasahau mbingu ina rangi gani, nikapewa kazi ya kupaka grisi kwenye mashine. Siku ya kwanza nikapanda ngazi ya kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, nikachungulia kile chumba cha dereva, vioo pande zote kama kabati la vikombe, na katikati nikaona kiti. Kiti chenye springi! Ukikaa kinazama, ukiinuka kinakusindikiza. Nikasema moyoni, mtu akikaa hapa anavuna shamba zima bila kuinama hata mara moja mpaka siku ya kuzikwa. Na bahati ikawa kwamba dereva mmoja alikuwa ameondoka, amekwenda kuoa Singida na huko wamemng'ang'ania. Kwa hiyo kiti kimoja kilikuwa wazi. Walisema kitatolewa siku ya kuanza kuvuna, kwa mtihani, na sisi wengine tusio na kiti, ngano ikiisha na sisi tumekwisha, kila mtu kwao. Mwaka mzima nililala na kile kiti kichwani. Wenzangu waliota wasichana, mimi niliota springi.

Tulikuwa wawili tunaokitaka, mimi na Baltazari. Na mwenye kukitoa alikuwa mzungu mmoja, fomani, yaani msimamizi wa mashine, ambaye jina lake halisi lilikuwa refu na lina mikwaruzo, tukaliacha. Tulimwita Bwana Geti. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni kama jogoo aliyenyonyolewa, na neno lake lilikuwa hilo moja. Siku yangu ya kwanza alinyoosha kidole akapiga kelele, "Get it! Get it!" Mimi nikakimbia mpaka geti la kambi, nikasimama pale nalilinda kama askari, mpaka saa ya kula Juma akaja kunichukua. "Unafanya nini hapa?" "Nimeambiwa geti." Juma alicheka akakaa chini kwenye vumbi, na kanzu yake safi. Kumbe mzungu alikuwa anataka spana.

Jiko la Juma ndilo lilikuwa shule yangu, kama mtu akiuliza nimesoma wapi. Lilikuwa banda la bati lenye moshi mzito kiasi kwamba unaweza kutundika koti hewani. Ukutani kulikuwa na kidirisha kidogo cha kupitishia sahani, na upande wa pili wa kidirisha ndiyo meza ya wazungu. Msimu wa mvua, mashine zikiwa zimelala, mimi na Baltazari tulikuwa tunakwenda kumsaidia Juma kumenya viazi, kwa malipo ya ukoko wa ugali na vichwa vya perege wa ziwa Basotu. Perege wale! Walikuwa wakubwa mpaka mmoja tulimkaanga upande wa kichwa wiki hii, upande wa mkia wiki ijayo. Tunamenya, tunakula, na masikio yetu tumeyaegesha kwenye kidirisha. Na kule upande wa pili ni geti, geti, geti. Bwana Geti alikuwa na mbwa. Mbwa akilala, anamwambia "Get up," mbwa anaamka. Mbwa akipanda kiti, "Get down," mbwa anashuka. Mbwa akija mezani, "Get out," mbwa anatoka. Nikamwambia Juma, huyu mbwa amesoma kuliko sisi wote, maana neno ni lilelile na yeye hakosei! Kisha mzungu anamgeukia mwenzake, "Get the salt," chumvi inaletwa. Upepo ukiingia, "It's getting cold," anavaa sweta. Redio ya mawasiliano ikikoroma pale pembeni, "I'll get it," anaikimbilia. Juma siku moja kawapelekea makande mazuri ya maharage ya kwetu, Bwana Geti akayatazama, akayageuza kwa kijiko, akasema taratibu, "I don't get it." Na hakuyala.

"Get ni kupata," Baltazari alitangaza, kisu cha viazi hewani. "Tuliandikiwa ubaoni. Kupata. Kwisha."

"Sasa mbwa anaambiwa apate juu?" Juma akamuuliza.

"Ndiyo. Apate juu."

"Na akiambiwa get down, apate chini?"

"Chini si ipo? Aipate."

"Na hii baridi, nayo inapata nini? Inapata baridi? Baridi inajipata yenyewe?"

Baltazari akamenya kiazi mpaka kikaisha chote, kikabaki ganda. "Ninyi hamkusoma," akasema. "Hamwezi kuelewa."

"Wewe uliyesoma umeelewa?"

"Mimi nimeelewa kwamba ni kupata. Mengine ni makosa ya yule mzungu."

Juma, Mungu amlaze pema, alikuwa na maoni yake. Yeye alikuwa amewapikia wazungu tangu akiwa kijana, na alisema kizungu ni kama uji: maji ni mengi, unga ni huo geti, mengine ni sukari kila mtu kwa kadiri yake. "Usisikilize neno," aliniambia. "Tazama mkono. Mkono ukienda juu, panda. Ukienda chini, shuka. Ukienda mfukoni, anatafuta kiberiti." Basi mimi nikaanza kutazama mikono. Niliitazama mikono ya yule mzungu mpaka nikaijua kuliko ya mama yangu. Na kweli nikawa mtu wa kwanza kuleta spana, mtu wa kwanza kushuka, wa kwanza kupanda. Baltazari yeye alikuwa anasimama kwanza anatafuta maana, mbwa anampita. Lakini ubaya wa mikono ni huu: haisemi kitu kikiwa mezani kimya. Na jioni, redio ikiita, Bwana Geti alikuwa anakaa na mikono yake miwili juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine, anaongea na sauti ndogo iliyokuwa inatoka mbali kama ya mtu aliye kisimani.

Ni Juma aliyetufungulia hilo. Alikuwa anasikia kila jioni swali moja, "Is he getting better?" na jibu lake halikuwa linampendeza mzungu, maana baada ya hapo alikuwa harudi kula. "Baba yake anaumwa," Juma akatuambia, anasonga ugali. "Huko kwao. Get better ni kupona. Anauliza, amepona? Wanamwambia bado." Nikashika kichwa. Kwa hiyo neno la kumfukuza mbwa ndilo hilohilo la kumwombea baba? Juma akasema ndiyo. "Na kwenda nyumbani ni get home. Anataka kwenda, ila ngano haijavunwa." Nikauliza, hawa watu wakiishiwa maneno hawana jirani wa kuwaazima mengine? Tukacheka. Leo nikiwa nimekaa kwenye ule mkeka Katesh nilimkumbusha Baltazari kicheko hicho, akasema yeye hakucheka. Alicheka. Mate yalimwingia kwenye viazi.

Kitu kingine kilichonichanganya ni salamu. Kwetu sisi watu wa huku, wala siyo jambo la kujadili, mkubwa unamwamkia. Humpiti. Ukimpita mzee bila shikamoo ni kama umemkanyaga kifuani, habari itafika nyumbani kabla yako, na ukifika utakuta watu wameshakaa kukusubiri. Basi Bwana Geti, japo hakuwa mzee, alikuwa amenizidi kwa mbali, na kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo." Na yeye kila asubuhi alinijibu kwa furaha, "Shikamoo!" Mimi nikapigwa na butwaa. Mtu mzima ananiamkia mimi! Nikawa najificha nyuma ya matairi asinione, nisije nikapata laana. Juma alimfundisha marahaba mpaka akachoka, akasema bora amfundishe mbwa.

Mvua ikaisha, ngano ikaiva, shamba likawa jekundu-jekundu kama ngozi ya simba anayelala. Lakini mwaka ule wingu lilikuwa limesahau kwenda nyumbani, kila siku linakaa juu ya mlima linatutazama, na wote tulijua likishuka ngano yote inalala. Ndiyo maana ya haraka yote. Asubuhi ya mtihani Juma akaniambia mzungu hajagusa chai, na usiku kucha taa yake ilikuwa inawaka. Sikujali. Mimi nilikuwa na kiti kichwani. Baltazari akaenda kwanza. Akapanda, akaingia kwenye mstari wake, akaenda mpaka mwisho wa shamba na kurudi, amenyooka kama ameelekezwa na kamba. Akashuka anafuta jasho ambalo halikuwepo. Ikawa zamu yangu. Bwana Geti akanisogelea, macho mekundu, akaniambia huku mkono unaonyesha kila kitu: "Get in. Get going. And don't stop until you get to the end." Mkono ukaonyesha kiti, ukaonyesha mbele, ukajikunja ukasema hapana, hapana, usisimame, halafu ukanyooka mpaka kule mwisho ambako ngano ilikuwa inagusana na mbingu. Na mimi, wallahi kama alivyokuwa akisema Juma, nilielewa! Mara ya kwanza maishani mwangu nilielewa geti zote tatu, moja baada ya nyingine, kila moja na kazi yake. Nisisimame. Kombaini ikisimama katikati ya mstari imejaa inakabwa koo, na kuizibua ni kazi ya nusu siku. Nilijua. Hakuna aliyejua kuliko mimi.

Nikakaa. Springi ikazama, moyo ukapanda. Nikaingia kwenye mstari, visu vinakata, ngano inaingia, nyuma makapi yanaruka, na mimi niko juu nimekaa kama askofu. Nikaanza kuimba. Sasa, katikati ya lile shamba kulikuwa na kaburi. Ni kaburi la zamani la Wabarabaig, wafugaji wa nchi ile, kichuguu kikubwa cha udongo, na wenye shamba walikuwa wamekiacha na majani yake kama kisiwa, mashine zinakizunguka. Nilipokaribia pale nikaona mtu anatoka kwenye yale majani. Mzee. Mzee sana, yaani mzee aliyezeeka akasahau kuacha. Shuka begani, fimbo mkononi, masikio yanaanguka mpaka mabegani. Akaja mpaka pembeni ya mstari wangu, akasimama, akaegemea fimbo, akanitazama. Hakunipungia. Hakuniita. Alisimama tu kama wanavyosimama wazee wakiwa wanasubiri kitu chao, na kitu chao ni kimoja.

Nikajiambia nitampigia kelele nikipita. Lakini ile mashine ilikuwa inanguruma kama radi iliyomeza radi nyingine, angesikia nini? Na hata angesikia, unamwamkia mzee ukiwa juu ya kichwa chake? Umekaa kwenye springi, yeye amesimama kwenye mabua? Mikono yangu ikafanya yenyewe. Naapa sikuamua. Mguu ukakanyaga, mkono ukarudisha gia, mashine ikakohoa, ikasimama, na mimi nikajikuta nateremka ngazi huku navua kofia. Nikainama. "Shikamoo, mzee."

Akanitazama kwa muda wa kutosha kulea ndama. "Marahaba. Wewe mtoto wa wapi?"

"Maretadu, mzee."

"Huko mvua?"

"Ilinyesha, mzee."

"Ng'ombe?"

"Wazima."

"Mama?"

"Mzima."

"Baba?"

"Mzima."

"Hilo joka lako linanuka," akasema, anaionyesha kombaini kwa fimbo. "Una tumbaku?"

Nikamwambia sina. Na wakati huohuo nikasikia geti zinakuja kutoka mbali, geti nyingi kama mvua ya mawe juu ya bati. Bwana Geti alikuwa anakimbia kuvuka shamba kama mbuni aliyeona moto, mikono inakwenda pande zote, na kwa mara ya kwanza hata mikono yake sikuielewa. Panda? Shuka? Toka? Rudi? Yote kwa pamoja. Akafika, shingo imeiva, kifua kinapanda na kushuka, akafungua mdomo aniangamize. Mzee akageuza shingo polepole, akamtazama. Akaegemea fimbo yake. Akasubiri.

Mimi nilijua anasubiri nini, nikataka ardhi inimeze, maana huyu mzungu hajui. Tulisimama hivyo watatu, mashine inapoa inatoa milio ya tik, tik. Mzungu akanitazama, akamtazama mzee, akatazama kile kichuguu chenye majani nyuma yake. Sijui aliona nini. Mdomo wake ukafunga, ukafunguka tena, na yule mtu ambaye Juma alichoka kumfundisha akavua kofia yake akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, kama vile wazungu wanamwamkia kila siku. Na kwa sababu salamu ikianza kwetu haikatwi kama kamba, akaendelea, vilevile alivyoniuliza mimi, bila kufikiri, ni utaratibu tu: "Baba yako hajambo?"

Bwana Geti akanigeukia nimtafsirie. Mimi! Nikakusanya kizungu chote nilichokuwa nacho duniani, nikakisukuma nje. "Yua fadha," nikasema. "Get better?"

Ndugu zangu, nimeona miti mikubwa ikikatwa. Inasimama kidogo kwanza, kama haijasikia habari. Ndivyo alivyosimama. Halafu akakaa chini kwenye mabua, mtu mrefu vile, akafunika uso kwa kofia, na mabega yakaanza kutikisika. Akasema "No." Hilo nilielewa. Baada ya hapo akasema maneno mengi, sentensi ndefu yenye geti ndani yake zaidi ya moja, na mpaka leo ile sentensi ninayo masikioni kama wimbo wa lugha nisiyoijua, naweza kuiimba lakini siwezi kuieleza. Nikafikiri ni kwa sababu yangu, kwa sababu ya mashine. Nikaanza kusema samahani, samahani bwana. Mzee akanipiga kidogo mguuni kwa fimbo. "Nyamaza. Huyu ana msiba."

"Umejuaje, mzee? Mimi ninayejua kizungu sijajua."

"Kwani msiba una kizungu?"

Akang'oa majani mabichi kutoka kwenye kile kichuguu, maana kwao majani ndiyo amani, akayaweka kwenye mkono wa yule mzungu na kuufunga mkono juu yake. "Mwambie pole," akaniambia. "Mwambie na mimi baba yangu ndiye huyu amelala hapa, nimekuja kumsalimia. Halafu muulize kama ana tumbaku." Nilimwambia la tumbaku tu, kwa vidole, maana la pole sikuwa nalo neno. Bwana Geti akatoa pakiti yake yote akampa. Yale majani hakujua ayafanye nini. Akayageuza, akayanusa, mwisho akayatia mfuko wa shati, karibu na kalamu. Na mzee akaenda zake kwa mwendo wake, anavuta, anakatisha mistari ya ngano kama haipo.

Kombaini ilikuwa imekabwa mpaka kooni. Mchana wote tulikuwa tumelala chini yake tunavuta ngano iliyojisokota, mimi, Baltazari na mzungu mwenyewe, mikono yetu inachunika, wingu liko juu ya mlima linacheka. Na mchana wote ule hakusema geti hata moja. Nilitamani aseme. Kimya chake kilinichanganya kuliko kelele zake zote. Baltazari aliniuliza chini ya mashine, ananong'ona, "Umemfanya nini?" Nikamjibu nimemsalimia tu. "Umemsalimia vipi mtu akalia?" Nikaendelea kuvuta ngano, na leo msibani aliponiuliza tena vilevile, nikanywa chai yangu. Jioni Juma akatupa habari kamili: redio iliita kabla ya jua kuchomoza, baba yake amefariki, na yeye alikuwa amemwambia Juma tu na kumwomba asiseme, kwa sababu ngano ilikuwa haiwezi kusubiri.

Kisha akaja mwenyewe, akainama akatutazama kupitia kile kidirisha cha sahani, uso wake umejaa pale kama picha kwenye fremu. Akamnyooshea kidole Baltazari, akaonyesha kule nje kwenye mashine. Kidole hicho kila mtu alikielewa. Mimi akanitazama kitambo, akatikisa kichwa, akasema pole sana, kwa Kiswahili. Basi. Mtihani ni mtihani, nilisimama mahali pasiposimamwa. Nilikula vichwa vya perege vitatu vya Baltazari bila kumwomba, na yeye akanitazama tu nikila. Nimemwonea wivu miaka mingi juu ya kile kiti, nawaambia ukweli. Leo anatembea amepinda mgongo kuliko mimi. Anasema ni springi.

Ngano ilipokwisha kuvunwa, na wingu halikushuka, Bwana Geti akafunga mizigo. Nilikwenda kumbebea begi mpaka kwenye gari. Nilitaka kumuaga kama watu wanavyoagana, nimwambie akawape pole mama yake na ndugu zake, akalitazame kaburi, Mungu amsaidie. Kichwani kulikuwa kumejaa, mdomoni kuna neno moja tu. Nikanyoosha mkono kule barabara inakokwenda, nikasema, "Get home."

Akanitazama. Akaweka mkono begani kwangu, mzito. "You too, Safari," akasema. "Get home." Na mkono wake ukaonyesha upande wa kwetu.

Nikaondoka siku hiyohiyo. Nilipanda lori mpaka Haydom, nikashika njia kwa miguu, na njiani kitu kikaanza kunila. Yule mzee aliniuliza baba, nikamjibu mzima. Lakini nilijuaje? Tangu ngano inapandwa nilikuwa sijafika nyumbani, wala sikuwa nimetuma salamu, ila ile moja ya kujisifia kiti. Nilijibu tu kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Hata yule mzungu angeulizwa kabla redio haijaita angejibu bado yupo. Nikaanza kukimbia. Nilikimbia mpaka vumbi likachoka kunifuata, napita wazee njiani nawaamkia bila kusimama, shikamoo, shikamoo, wananigeukia na fimbo zao.

Nilimkuta uani, amesimama kwenye maganda mpaka vifundoni, anapura maharage, fimbo inapanda na kushuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiti umepata?"

"Sijapata, baba."

"Mm." Akapiga maharage. Mimi nimesimama tu.

"Shikamoo, baba."

"Si umeshaniamkia?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

Akashusha fimbo, akanitazama juu mpaka chini, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu amenileta. "Marahaba," akasema polepole. "Huko Basotu ulikuwa unaumwa?" Nikamwambia hapana. Hakuamini. Akanipa ile fimbo, akaenda kukaa kivulini ukutani, akanyoosha miguu. Nikapiga yale maharage mpaka giza, na kila nilipoinua fimbo nilikuwa nageuza shingo kuangalia kama bado yupo.